Kaunti ya McDowell, West Virginia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Jiografia na Historia Yake

Majibu yafuatayo yanahusu kaunti moja tu kati ya mamia ya kaunti zilizomo katika Milima ya Appalachia nchini Marekani. Tumeichagua McDowell kwa sababu ndani ya eneo lake dogo inaonekana waziwazi jinsi sura ya nchi inavyoamua nani atajenga wapi, nani atamiliki nini na nani atafungasha virago.

Kaunti ya McDowell iko wapi?

Iko kwenye ncha ya kusini ya jimbo la West Virginia, na hakuna kaunti nyingine ya jimbo hilo iliyo kusini zaidi. Mashariki inapakana na Kaunti ya Mercer, kaskazini na Wyoming, kaskazini-magharibi na Mingo, ilhali kusini na magharibi inagusana na kaunti za Tazewell na Buchanan, ambazo ni za jimbo la Virginia. Wyoming inayotajwa hapa ni kaunti jirani, si lile jimbo la magharibi mwa Marekani lenye jina hilohilo. Ukubwa wa McDowell ni takriban kilomita za mraba 1,385, na makao yake makuu ni mji wa Welch, uliojengwa mahali ambapo kijito cha Elkhorn kinaingia katika mto Tug Fork.

Jina la McDowell limetoka wapi, na kaunti ilianzishwa lini?

Kaunti ilianzishwa mwaka 1858 kwa kumegwa kutoka Kaunti ya Tazewell, wakati eneo hili lote lilikuwa bado sehemu ya Virginia, na ikapewa jina la James McDowell, aliyewahi kuwa gavana wa Virginia. Miaka mitano baadaye, tarehe 20 Juni 1863, katikati ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, West Virginia ilitambuliwa kuwa jimbo linalojitegemea, na McDowell ikajikuta upande wa jimbo jipya.

Welch haukuwa makao makuu tangu mwanzo. Hadhi hiyo iliupata mwaka 1892, baada ya wapiga kura kuamua shughuli za serikali zihamishwe kutoka Perryville, na inasimuliwa kwamba nyaraka za kaunti zilisafirishwa usiku kwa mikokoteni ili kuepusha vurugu za waliopinga uamuzi huo. Mji wenyewe unaitwa kwa jina la Isaiah Welch, aliyekuwa kapteni katika jeshi la majimbo ya kusini, na ambaye baada ya vita alikuja huku kupima ardhi na kuchunguza makaa ya mawe.

Sura ya nchi ikoje?

Anayekuja akitarajia vilele vyenye theluji atashangaa, kwa kuwa matuta mengi hayafiki hata mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kitaalamu hii si safu ya milima iliyokunjwa, bali ni uwanda wa juu uliochongwa na maji kwa mamilioni ya miaka hadi yakabaki matuta na mabonde tu. Ndiyo maana mtu akisimama juu ya tuta huona migongo ya matuta mengine ikiwa karibu usawa mmoja, kana kwamba imepigwa rula. Ule usawa ndio kumbukumbu ya uwanda wa zamani.

Jambo la kuzingatia zaidi ni wembamba wa mabonde. Sehemu nyingi bonde lina nafasi ya kutosha kijito, njia ya reli, barabara na mstari mmoja wa nyumba, basi. Baada ya hapo mlima unaanza kupanda. Nyumba zinafuatana kando ya maji kama shanga kwenye uzi, na mtu anayetaka kumtembelea jirani aliye upande wa pili wa tuta, ambaye kwa mwendo wa ndege hayuko mbali, huenda akalazimika kushuka bonde lake lote na kupanda la mwenzake. Ardhi tambarare ya kulima au kujenga kiwanda ni adimu, na karibu kila jibu linalofuata litaturudisha kwenye uhaba huo.

Makaa ya McDowell yalikuwa na sifa gani?

Makaa haya yalitokana na mimea ya vinamasi iliyozikwa zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Tabaka maarufu kuliko yote linajulikana kama Pocahontas Namba 3, na thamani yake ilitokana na mambo mawili. Kwanza, lina gesi chache, hivyo huwaka kwa joto kali na moshi mdogo. Jeshi la Wanamaji la Marekani liliyapenda makaa hayo kwa kuwa meli isiyofuka moshi mwingi haionekani na adui kutoka mbali. Pili, yakiokwa katika tanuri lisiloingiza hewa ya kutosha hugeuka kuwa koki, yaani makaa magumu yanayotumika katika kuyeyusha madini ya chuma. Kwa sababu hiyo hatima ya McDowell ilifungamana tangu mapema na viwanda vya chuma vilivyokuwa mbali na hapa, na vilipokohoa, huku ndiko walikougua.

Kwa nini historia ya kaunti hii huanza kuhesabiwa tangu reli ilipofika?

Kwa sababu kabla ya hapo watu walikuwa wachache mno. Sensa ya mwaka 1880 ilihesabu wakazi 3,074, wengi wao wakulima wadogo na wawindaji waliotawanyika mabondeni. Makaa yalikuwapo chini ya miguu yao, lakini hayakuwa na bei bila chombo cha kuyabeba. Kampuni ya reli ya Norfolk and Western ilianza kusafirisha makaa ya Pocahontas mwaka 1883 kutoka upande wa Virginia, ikatoboa handaki mwaka 1888 na kuingia bonde la Elkhorn, kisha mwaka 1892 ikakamilisha njia ya kuelekea Ohio. Kuanzia hapo makaa yalitoka pande zote mbili: mashariki hadi bandari ya Norfolk, magharibi hadi viwanda vya maeneo ya Maziwa Makuu ya Amerika. Kufikia mwaka 1900 wakazi walikuwa 18,747, na mwaka 1950 walifika 98,887, idadi ambayo haijawahi kufikiwa tena.

Ardhi ilikuwa mali ya nani?

Hili ndilo swali ambalo kwa maoni yetu lingepaswa kuulizwa kwanza. Kabla reli haijafika, mawakala wa matajiri wa Philadelphia na miji mingine walipita mabondeni wakinunua ardhi, au wakati mwingine haki ya madini peke yake, kwa bei ambayo muuzaji aliiona nzuri kwa kuwa mlima wenye mawe haukumlisha. Mkataba wa namna hiyo ulimwachia mkulima nyasi na miti ya juu, huku kilicho chini kikawa cha mwingine, pamoja na ruhusa ya kukifuata kwa njia yoyote atakayoona inafaa. Mwaka 1901 kampuni ya reli yenyewe ilinunua umiliki wa sehemu kubwa ya mashamba hayo ya makaa, kisha ikawa inakodisha vitalu kwa kampuni za uchimbaji. Mwaka 1902 kampuni ya chuma ya United States Steel ilianza kujenga migodi na mji wake wa Gary, uliopewa jina la mwenyekiti wake, Elbert Gary.

Matokeo yake ni kwamba eneo kubwa la kaunti limekuwa mikononi mwa wenye mali wasioishi humo, na mwenyeji aliyetaka kipande cha tambarare ajenge nyumba au duka mara nyingi hakupata wa kumuuzia. Tunalisema hili kwa sababu wageni wengi huuliza kwa nini watu hawakuanzisha shughuli nyingine wakati makaa yakiwa bado yana soko. Mtu huanzisha shughuli juu ya ardhi aliyonayo.

Maisha ya kambi za makaa yalikuwaje?

Kampuni ilijenga kila kitu: nyumba za mbao zinazofanana, shule, kanisa, zahanati na duka. Kodi ya nyumba, ada ya daktari, bei ya baruti na gharama ya kunoa zana vilikatwa kwenye mshahara kabla mchimbaji hajaugusa. Akihitaji unga au viatu kabla ya siku ya malipo, alipewa pesa za kampuni, ambazo zilikuwa vipande vya chuma vya duara mithili ya sarafu, vingine vikiwa na tundu katikati ili visichanganywe na fedha halali. Vipande hivyo vilipokelewa kwa thamani kamili katika duka la kampuni iliyovitoa, na kwingineko, kama vilipokelewa, vilipunguzwa thamani. Mtu angeweza kufanya kazi mwezi mzima na siku ya malipo akaambulia karatasi inayoonyesha kuwa hana anachodai.

Hata hivyo, kambi zote hazikulingana. Gary na Coalwood zilisifika kwa nyumba zilizotunzwa vizuri, ilhali kambi nyingine zilikuwa vibanda tu. Wachimbaji walitoka Italia, Hungaria, Poland na kwingineko Ulaya, wakachanganyika na Wazungu wa milimani na Wamarekani Weusi waliotoka Virginia, Carolina na Alabama.

Je, ni kweli kwamba Wamarekani Weusi walikuwa na nguvu ya kisiasa huku kuliko sehemu nyingi za kusini?

Ni kweli, na sura hii ya historia haijulikani inavyostahili. Wakati majimbo ya kusini, Virginia ikiwamo, yalipokuwa yakiwanyima Weusi kura kwa kodi na mitihani ya hila, West Virginia haikufanya hivyo. Shule zilikuwa zimetenganishwa kwa rangi na nyumba za kambi vilevile, lakini mchimbaji Mweusi aliyelipwa kwa tani alipokea kiwango kilekile cha mwenzake Mzungu, na kura yake ilihesabiwa. M. T. Whittico, mhariri wa gazeti la McDowell Times lililochapishwa katika mji wa Keystone, aliipa kaunti hii jina la “Dola Huru ya McDowell”.

Mambo mawili ya mwaka 1928 yanatosha kuonyesha uzito wa jamii hiyo. Minnie Buckingham Harper wa Keystone aliteuliwa kushika kiti cha marehemu mume wake katika baraza la kutunga sheria la West Virginia, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza nchini Marekani kuwa mbunge. Mwaka huohuo, katika mji wa Kimball, lilifunguliwa jumba la kumbukumbu ya askari Weusi waliopigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, la kwanza la aina yake nchini humo. Jumba hilo liliungua mwaka 1991 na kubaki kuta, kisha likajengwa upya.

Nini kilitokea kwenye ngazi za mahakama ya Welch mwaka 1921?

Ili kulielewa tukio hilo lazima tuanzie Matewan, katika Kaunti ya Mingo. Tarehe 19 Mei 1920 walinzi wa kukodiwa wa kampuni ya Baldwin-Felts walifika huko kuzitoa familia za wachimbaji katika nyumba za kampuni, kosa lao likiwa kujiunga na chama cha wafanyakazi. Mkuu wa polisi wa mji, Sid Hatfield, aliwakabili. Risasi zikapigwa, na watu 10 wakafa, wakiwamo walinzi saba na meya. Hatfield aliachiwa na mahakama, akawa shujaa wa wachimbaji.

Mwaka uliofuata aliitwa Welch kujibu mashtaka mengine, yaliyohusu kambi ya Mohawk iliyomo ndani ya McDowell. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1921 yeye na rafiki yake Ed Chambers walianza kupanda ngazi za mawe za mahakama, wake zao wakiwa pembeni, wote bila silaha. Watu wa Baldwin-Felts walikuwa wakiwasubiri juu. Hatfield alianguka papo hapo. Chambers alibingirika ngazi, na mke wake, Sallie, akawa anampiga mmoja wa wauaji kwa mwavuli huku mtu huyo akimmalizia mume wake risasi. Washambuliaji walidai kuwa walijitetea, na hakuna aliyetiwa hatiani.

Habari hizo zilivuka matuta upesi. Kabla mwezi haujaisha, wachimbaji wanaokadiriwa kufika 10,000 walikuwa wamebeba bunduki wakielekea kusini, na mapigano ya Mlima Blair katika Kaunti ya Logan yalikoma pale tu jeshi la serikali kuu lilipoingilia kati mwanzoni mwa Septemba. Chama chenyewe kilipata nafasi ya kudumu katika migodi ya McDowell baada ya sheria mpya za mwaka 1933.

Je, ugomvi wa Hatfield na McCoy ulitokea McDowell?

Hapana. Ugomvi huo wa koo mbili ulitokea chini zaidi kwenye mto huohuo wa Tug Fork, mahali unapotenganisha West Virginia na Kentucky. McDowell haipakani na Kentucky kabisa, ingawa njia za pikipiki za matairi manne zinazopita humu leo zimepewa jina la koo hizo kwa ajili ya kuvutia watalii.

Kazi ya mgodini ilikuwa na hatari kiasi gani?

Tarehe 10 Januari 1940 mlipuko katika mgodi wa Bartley uliua wachimbaji 91, na huo haukuwa mlipuko wa kwanza wala wa mwisho katika kaunti. Lakini vumbi liliua wengi polepole, bila king’ora. Madaktari wa kampuni kwa miaka mingi waliuita ugonjwa huo pumu ya wachimbaji. Wenyewe waliuita mapafu meusi. Baada ya mgomo mkubwa wa wachimbaji wa West Virginia mwanzoni mwa 1969, bunge la Marekani lilipitisha mwaka huohuo sheria iliyoweka kikomo cha vumbi mgodini na fidia kwa waliougua.

Kwa nini watu wameondoka kwa wingi hivyo?

Sababu ya kwanza si kwisha kwa makaa bali ni mashine. Mwaka 1950 chama cha wachimbaji na wenye migodi walikubaliana kwamba mashine za kukata makaa ziingie bila kupingwa, na kwa kubadilishana wafanyakazi waliobaki wapate mishahara mizuri, matibabu na pensheni. Tani zilezile zikachimbwa na watu wachache zaidi. Wakati huohuo injini za reli zikahamia dizeli, na nyumba za mijini zikahamia mafuta na gesi. Ndani ya miaka kumi, kutoka 1950 hadi 1960, kaunti ilipoteza zaidi ya robo ya wakazi wake, wengi wakielekea Cleveland, Detroit na miji mingine ya viwanda.

Pigo la pili lilikuja katika miaka ya 1980, viwanda vya chuma vilipoyumba na United States Steel ikaifunga migodi yake ya Gary, mji ambao haukuwa na mwajiri mwingine wa maana. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 19,111, idadi inayokaribia ile ya mwaka 1900. Waliobaki ni wazee wengi kuliko zamani, matumaini ya maisha ya wanaume yamekuwa miongoni mwa ya chini kabisa nchini Marekani, na dawa za kupunguza maumivu, zilizoanza kama tiba ya migongo iliyoumia mgodini, zimeua watu wengi.

Je, mpango wa stempu za chakula ulianzia huku?

Stempu za chakula ni hati za serikali ambazo familia maskini hununulia chakula dukani, na mpango wa majaribio wa serikali ya Rais Kennedy ndio ulioanzia Welch. John Kennedy alifanya kampeni ya urais katika kaunti hii mwaka 1960, akaona familia zikiishi kwa mgao wa vyakula vya ziada vya serikali. Tarehe 29 Mei 1961 waziri wa kilimo, Orville Freeman, alimkabidhi baba mmoja mchimbaji asiye na kazi, mwenye nyumba ya watu 15, stempu za kwanza zenye thamani ya dola 95. Yafaa kukumbuka kwamba wakati huo stempu hazikutolewa bure kwa wengi: familia ilizinunua kwa kiasi fulani cha fedha, na serikali ikaongeza kilichozidi. Mpango ulifanywa wa kudumu kwa sheria ya mwaka 1964.

Kwa nini mafuriko hujirudia?

Miteremko ni mikali, udongo ni mwembamba, na mvua inayonyesha juu ya tuta hufika kijitoni kwa muda mfupi. Kwa kuwa tambarare pekee ni ile iliyo kando ya maji, nyumba, shule na mabomba viko palepale maji yanapopita. Tarehe 8 Julai 2001 mabonde ya Elkhorn na Tug Fork yalifurika, na tarehe 2 Mei 2002, kabla watu hawajamaliza kuondoa matope, yakafurika tena. Februari 2025 maji yalirudi na kuua. Kuwaambia wakazi wahame bondeni ni ushauri rahisi kutolewa na mtu asiyejua nani anamiliki mlima.

Ni watu gani wanaofahamika waliotoka McDowell?

Mchekeshaji Steve Harvey alizaliwa Welch mwaka 1957, mtoto wa mchimbaji, kabla familia yake haijahamia Cleveland kama wengine. Homer Hickam, aliyekuja kuwa mhandisi wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, alikulia Coalwood, ambako yeye na wenzake walianza kurusha roketi za kujitengenezea baada ya Sputnik, setilaiti ya Umoja wa Kisovieti, kupita angani Oktoba 1957, hadi wakashinda tuzo ya sayansi ya kitaifa mwaka 1960. Wenyeji, hata hivyo, watakutajia kwanza timu ya mpira wa kikapu ya shule ya sekondari ya Northfork, iliyotwaa ubingwa wa jimbo mara nane mfululizo, kuanzia 1974 hadi 1981. Shule hiyo ilifungwa baadaye katika muongo huohuo.

Mgeni anafikaje, na aangalie nini?

Hakuna barabara kuu ya njia nne inayopita katikati ya kaunti. Mgeni huingia kwa barabara namba 52, ambayo inapinda kila kijito kinapopinda, na ni busara kuongeza muda wa safari kuliko ramani inavyodai. Jina la mji wa Iaeger hutamkwa Yeiga. Mji wa War, ambao jina lake lina maana ya vita, umeitwa hivyo kwa sababu ya kijito.

Mjini Welch, baada ya ngazi za mahakama, ulizia jengo la kuegeshea magari lililofunguliwa mwaka 1941. Huhesabiwa kuwa la kwanza nchini Marekani kumilikiwa na manispaa, na lilijengwa kwenda juu kwa sababu siku za malipo wachimbaji walijaa mjini na chini hapakuwa na pa kuweka gari. Siku hizi mgeni anaegesha mbele ya mlango wowote.